Mwalimu Kipande, Aliyeitikia Jina Lisilo Lake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika leo, Jumamosi tarehe 25 Mei 2024, kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawashukuru. Jina lake kamili limechapwa kwenye jalada la karatasi mliyoishika, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wake peke yake. Tunaomba kila mmoja alitazame vizuri kabla hatujaendelea. Wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Kipande, na ndani ya wasifu huu tutamwita hivyo hivyo, maana ndivyo alivyozoea kuitika. Anayesoma ni mdogo wake wa kike, karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa, mtu wa tarehe na mafaili. Mwalimu mkuu aliomba auone wasifu kabla haujapelekwa kuchapwa, arekebishe lugha kidogo. Alionyeshwa mmoja, akaurekebisha. Huu ni mwingine.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba fundi baiskeli na mama mkulima. Alikuwa mtoto mpole, mwembamba, mwenye masikio makubwa ambayo kaka yake mkubwa aliyatumia kama mishikio. Mwaka 1988, akiwa na miaka tisa, koo lilimvimba na baba akampeleka zahanati, akachomwa sindano ya penisilini. Baba hajamaliza hata kufungua kufuli la baiskeli ili warudi nyumbani, uso wa mtoto ulikuwa umefura, macho yamefungwa na pumzi inapita kwa shida. Tabibu alitoka mbio na sindano nyingine, akamrudisha. Tangu siku ile mama aliwakalisha watoto wote chini na kuwafundisha maneno matatu: kaka hachomwi penisilini. Mdogo wake alikuwa na miaka mitano. Aliyajua maneno hayo kabla hajajua kuhesabu hadi ishirini, na kaka mwenyewe aliyatungia wimbo, akawa anauimba akienda kuchota maji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, na sekondari kuanzia 1994 hadi 1997. Baada ya hapo alibeba matofali, akauza vocha za simu, akamsaidia baba kuziba pancha, huku akiomba chuo kila mwaka. Mwaka 2004 alipokelewa chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 2006. Mkufunzi wake mmoja alituambia msibani kwamba hajawahi kuona mwanachuo aliyekuwa akiandika ubaoni, kisha anakwenda kukaa dawati la mwisho ili aone kama mtoto wa nyuma ataweza kusoma. Alikuwa akifuta na kuandika upya hata mara tatu. Alirudi nyumbani na cheti, akakuta ajira zimesimama. Akasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama alikuwa akikitoa kile cheti kwenye bahasha na kukipangusa, kana kwamba tatizo lilikuwa vumbi.

Jumatatu tarehe 11 Januari 2010 alianza kujitolea katika shule ambayo wengi mliokaa hapa mnaijua. Alifika na begi moja na godoro lililofungwa kamba. Walimu walioandikwa walikuwa sita, ila wa sita alikuwapo kwenye karatasi tu. Huyo alikuwa na ajira, lakini ilielezwa kwamba mkewe ni mgonjwa huko mjini. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa anafungua duka la vifaa vya ujenzi na mkewe alikuwa mzima kabisa, ndiye aliyekuwa akipima misumari. Walimu wenzake walimwita Mwajiriwa kwa utani, nasi tutamwita hivyo. Mwalimu mkuu alimkaribisha ofisini kaka yetu, akamvika kilemba cha ukoka kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Kijana, kujitolea ni jambo jema sana. Ila nafasi ni ya mwenzako, kwa hiyo asubuhi ukisaini kitabu, weka jina lake. Wiki mbili tu. Akirudi, na wewe tunakuandika."

Wiki mbili hizo ziliisha Jumanne tarehe 14 Mei mwaka huu.

Ili mambo yasiharibike, mwalimu mkuu alipita darasa kwa darasa na kupiga marufuku jina la mwalimu mpya kutajwa. Watoto wakajitafutia la kwao. Kaka hakugusa chaki nzima. Aliokota vile vipande ambavyo wenzake walivitupa, akavihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, akaandika kwa kimoja hadi kucha zinakwaruza ubao. Ndipo akawa Mwalimu Kipande. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza darasa la kwanza, "Mwalimu wenu anaitwa nani?" Watoto tisini na nne wakajibu kwa pamoja, "Mwalimu Kipande." Mkaguzi akacheka, akasema watoto wanampenda mwalimu wao, akaandika kwenye ripoti jina la Mwajiriwa.

Alikaa nyuma ya stoo ya shule, upande wa pili wa ubao mwembamba uliotenganisha kitanda chake na majembe, ndoo na pampu ya mpira. Kitanda chenyewe kilikuwa madawati mawili yaliyovunjika miguu. Dirisha lilikuwa wavu. Mdogo wake alipomtembelea mara ya kwanza aliuliza wageni wanakaa wapi, kaka akamwonyesha ndoo iliyopinduliwa na kumwambia achague upande. Aliamka saa kumi na moja na nusu, akafagia darasa la kwanza na la nne, akaenda kisimani kabla foleni haijawa ndefu. Saa moja na nusu alisimama kwenye mlango unaounganisha madarasa hayo mawili, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, akafundisha yote mawili kwa wakati mmoja. La kwanza walihesabu vizibo vya soda sakafuni wakati la nne wanasoma ubaoni, kisha anageuza shingo wanabadilishana. Mchana alipika, akala akiwa amesimama huku anasahihisha. Jioni aliwashika wale ambao herufi zilikuwa zinawakimbia. Kila mtoto aliyeweza kusoma mstari mzima bila kusaidiwa, aliandikwa jina na tarehe kwenye daftari la jalada la buluu. Daftari hilo lina majina elfu moja mia mbili na kumi na sita. Wengi wenu mmo humo.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2012 alifunga ndoa na mshona sare wa pale sokoni. Ndoa ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya mji. Saa moja, bwana harusi akiwa amevaa suti ya kuazima na ua mfukoni, mwalimu mkuu alituma pikipiki: wakaguzi wamefika na wanataka kumwona Mwajiriwa akifundisha. Kaka alipanda pikipiki. Alifundisha vipindi viwili vya hesabu na suti yake, akaitikia jina la mwenzake mara zote alizoitwa, akafika kwenye harusi saa sita na chaki kwenye mikono ya koti. Bibi harusi alikuwa ameshasema hataki kumwona tena, halafu akamwona. Mama yetu hucheka hadi leo akikumbuka. Kinachomfanya mdogo wake asicheke ni ripoti ya siku ile, iliyosema Mwajiriwa ni mfano wa kuigwa katika unadhifu. Mungu aliwajalia watoto wawili wa kike: wa kwanza, ambaye mama yake alikuja naye kwenye ndoa na tukamlea kama wetu, sasa ana miaka kumi na saba, na yule mdogo ana tisa. Marehemu alimpenda mkewe. Walikaa mbali siku tano za juma, na Ijumaa alitembea kwa miguu kilomita kumi na moja kwenda kwake.

Ijumaa tarehe 5 Oktoba 2018 shule ilipata cheti cha mwalimu bora wa kufundisha kusoma. Mwajiriwa alikuja kukipokea na gari lake, akiwa na miwani ya jua. Alimuuliza mwalimu mkuu choo kiko wapi. Kaka aliambiwa akae darasani, awanyamazishe watoto wasipige kelele wakati wa hotuba. Hotuba yenyewe alikuwa ameiandika yeye usiku uliotangulia, na alisema ilisomwa vibaya.

Mwaka 2021 ofisi ya elimu ilitangaza kuwaajiri walimu wa kujitolea, wenye miaka mingi wapewe kipaumbele. Hapo ndipo sote tulipoona jua limechomoza. Aliandika barua, mdogo wake akaichapa kazini kwa mikono yake na kuisoma mara nne. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano: kumbukumbu za shule hazionyeshi kwamba mwombaji amewahi kufundisha hapo, hata siku moja. Na ofisi haikukosea. Miaka kumi na moja ya kitabu cha mahudhurio, maandalio ya masomo, ripoti na sahihi, yote mwandiko wake, yote jina la Mwajiriwa. Alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba barua moja tu ya kuthibitisha. Mwalimu mkuu alimwambia, "Nikiandika hiyo, wewe unapata kazi na mimi napoteza yangu. Hebu fikiria na wewe." Akafikiria. Kesho yake saa moja na nusu alikuwa kwenye mlango wake, mguu huku na mguu kule. Mdogo wake alimwita mjinga siku hiyo, kwenye simu, na hakuwahi kumwomba radhi. Anamwomba leo, mbele yenu.

Jumamosi tarehe 4 Mei mwaka huu marehemu alipanda kupigilia bati la darasa la kwanza lililokuwa limeinuka. Bati lilimchana mguu chini ya goti. Alifunga kitambaa, Jumatatu akaingia darasani, akajikaza kisabuni juma zima. Hadi Jumatatu ya tarehe 13 mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, homa imempanda na maneno yake hayaeleweki. Jumanne asubuhi mkewe aliomba gari. Aliyelileta ni Mwajiriwa, na familia inalitamka hilo kwa sababu ni kweli: alikuja upesi, akambeba kwa mikono yake, na akasema kaka atibiwe kwa kadi yake ya bima. Nani angekataa? Mkewe, aliyebaki kutafuta pesa na nguo za kumfuata nazo, alilishika dirisha la gari likiwa linaondoka, akasema, "Shemeji, uwaambie hachomwi penisilini." Mwajiriwa akajibu, "Nimesikia, shemeji."

Mdogo wake alipigiwa simu, habari ya kadi haikutajwa, akapanda basi la kwanza. Saa nne na dakika tano alikuwa mapokezi ya hospitali, akataja jina la kaka yake, lile mlilolishika mkononi. Msichana wa mapokezi alitafuta, akamwambia, "Hayupo, dada." Mdogo wake akamwandikia jina kwenye karatasi. Msichana akatafuta tena, kwa roho safi kabisa, akatafuta hata kwa jina la baba peke yake. Hayupo. Mdogo wake akadhani gari limeharibika njiani, akakaa kusubiri kwenye benchi. Benchi hilo liko nje ya wodi ya wanaume, hatua kama sita kutoka mlangoni. Saa tano na dakika ishirini muuguzi alipita mbele yake na sinia la dawa, wakasalimiana. Muuguzi akasema pole kwa kusubiri, akaingia.

Muuguzi hana kosa. Alisoma faili la mwenye kadi. Faili lilisema mwenye kadi hana dawa inayomdhuru, tena alichomwa penisilini mwaka 2019 akapona vizuri. Na ni kweli, mwenye kadi hana.

Saa sita mkewe marehemu aliwasili, akamkuta wifi yake kwenye benchi, akamwambia, "Wifi, ulizia jina la Mwajiriwa." Waliingia wodini wakakuta shuka limeshafunika uso. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tano na dakika arobaini. Mtu aliyeyajua yale maneno matatu tangu utotoni alikuwa amekaa hatua sita, na mkoba magotini.

Mwajiriwa alimfuata mdogo wake nje ya chumba cha maiti siku ya tatu. Alikuwa analia, na familia inaamini yalikuwa machozi ya kweli. Akaulizwa kama aliwaambia madaktari. Akasema, "Dada, ningesema, wangeuliza mbona faili linasema vingine. Wangejua." Akatoa karatasi mfukoni. Hospitali ilikuwa imemwandika yeye kuwa ndiye aliyekufa, na kazini wameshapata taarifa. Karatasi ile ilisema kwamba kadi iliibwa, na mwizi ni marehemu. Ndugu mmoja akisaini kushuhudia, makosa yote yatasahihishwa: yeye atakuwa hai, na kaka atazikwa kwa jina lake. "Tulimalize kindugu," akasema. "Yeye hayamuumizi tena."

Siku kumi na moja mlizokuwa mkiuliza kwa nini hatuziki, sababu ni hiyo. Ili tumzike kwa jina lake, ofisi ya hospitali ilitaka maelezo ya mwenye kadi, na mwenye kadi hakuwa na maelezo mengine zaidi ya hayo. Wapo wajomba waliosema tusaini, maiti ataharibika. Mdogo wake alikuwa ameshaishika kalamu. Miaka kumi na minne alitamani kuliona jina la kaka yake kwenye karatasi yoyote ya serikali, na sasa lilikuwapo, limeandikwa safi, likifuatiwa na neno mwizi. Wakampelekea mama amalize. Mama aliomba asomewe mara mbili. Kisha akasema, "Mwanangu hakuiba hata chaki. Mleteni kwa jina lolote, mimi nitamjua."

Basi hatukusaini. Jana saa tatu asubuhi mdogo wake alikwenda hospitali, akajitambulisha kuwa ni dada wa Mwajiriwa, akaweka sahihi, akapewa mwili na kibali cha mazishi. Huo ndio uongo pekee wa familia hii katika jambo hili, na ulitosha mara moja kumpatia kila kitu alichonyimwa alipotaja ukweli. Kibali anacho hapa, ndani ya mkoba ule ule. Kwa mujibu wa kibali hicho, anayezikwa leo ni Mwajiriwa, na Mwalimu Kipande bado yuko hai mahali fulani, anasubiri ajira.

Tulipofungua chumba cha nyuma ya stoo tulikuta shuka mbili, kopo la vipande vya chaki na daftari la buluu. Kwenye jalada, pale panapoandikwa jina la mwenye daftari, kaka alikuwa ameandika jina la Mwajiriwa. Hakuna aliyemlazimisha. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili wa kike, kaka mmoja, wadogo wawili, na watoto elfu moja mia mbili na kumi na sita wanaojua kusoma. Amemwacha pia mwalimu mkuu, aliyekaa kiti cha mbele. Amemwacha Mwajiriwa, aliyekaa mstari wa pili, ambaye ametoa viti vyote mlivyokalia, na tunamshukuru. Tangu jana anatuma watu tumrudishie jina lake. Mdogo wa marehemu ni karani wa masjala na anamjibu kwa adabu: faili likishafungwa hufunguliwa na mwenyewe, kwa maandishi, akieleza lilifungwaje. Dirisha liko wazi Jumatatu hadi Ijumaa. Aende, aseme kwa kinywa chake ni nani aliyekuwa akifundisha. Siku hiyo wote wawili watapata majina yao, na mmoja wao atakuwa hai kulifurahia.

Wasifu unaishia hapo. Lililobaki ni moja, na familia haiwezi kulifanya peke yake. Wale wote waliomo kwenye daftari la buluu tunaomba msimame, mgeuze karatasi mtazame jalada, pale kwenye herufi kubwa. Shuleni mlikatazwa kulitamka. Kusoma aliwafundisha yeye. Lisomeni kwa sauti, wote pamoja, kisha tumshushe.

Alale salama, kwa jina lake mwenyewe.